Ada ya ardhi kwa wazee na watu wenye ulemavu: msamaha haujileti

Mama wa miaka 74 anafika kwenye kaunta ya mapato ya kaunti ndogo akiwa ameshika mfuko wa karatasi. Ndani yake mna bili, hatimiliki iliyokunjwa mara nne na kitambulisho.

"Shikamoo, mama. Karibu uketi."

"Marahaba, mwanangu. Nilisikia redioni kwamba wazee tumesamehewa pesa za ploti. Lakini hii karatasi imeletwa tena."

Karani anaangalia kompyuta, kisha anaeleza polepole. Tangazo la redioni lilihusu riba na adhabu, si ada yenyewe. Muda wake ulikwisha miezi miwili iliyopita. Tena ploti bado imeandikwa jina la mume wa mama huyo, aliyefariki miaka mingi iliyopita.

Mama huyu ni wa mfano tu. Hata hivyo, mambo matatu yaliyomkwamisha ndiyo huwakwamisha wazee wengi na watu wenye ulemavu wanaomiliki nyumba: kutojua ni aina gani ya msamaha imetolewa, kuchelewa kuomba, na jina lililo kwenye hatimiliki. Somo hili linaeleza yote matatu, pamoja na hatua ambazo familia inaweza kuchukua kabla deni halijakua.

Bili tatu ambazo watu huchanganya

Ada ya ardhi ya kaunti, ambayo kwenye bili nyingi huandikwa "land rates", hutozwa na serikali ya kaunti. Mamlaka hayo yanatokana na Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010, kinachoruhusu kaunti kutoza kodi ya mali isiyohamishika na kodi ya burudani. Pesa hizo huingia katika mfuko wa kaunti na kusaidia kugharamia huduma kama vile taa za barabarani, uzoaji taka, mitaro na zahanati.

Bili ya pili ni kodi ya ardhi ya kukodisha, yaani "land rent". Hii hulipwa kwa serikali ya kitaifa kupitia wizara inayosimamia ardhi, na huwahusu wenye ardhi waliyopewa kwa muda maalumu, kama vile miaka 99. Afisi ya mapato ya kaunti haiwezi kuisamehe.

Ya tatu ni kodi ya mapato, inayokusanywa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA. Watu wengi wenye ulemavu wanajua kwamba, chini ya amri iliyotolewa mwaka 2010, mtu aliyesajiliwa na kupewa cheti cha msamaha halipi kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza anazopata kila mwezi. Baadhi yao hufika katika afisi za kaunti na cheti hicho wakitarajia kiondoe pia ada ya ardhi. Hakiondoi. Cheti cha KRA kinahusu kipato cha mtu, ilhali ada ya kaunti inahusu ardhi yake. Hata hivyo kinafaa kuambatishwa kwenye ombi la nafuu, kwa sababu kinathibitisha kwamba ulemavu wa mwombaji umekaguliwa na kutambuliwa.

Kwa nini bili humlemea aliyezeeka mjini

Katika kaunti nyingi nchini, ada ya ardhi hukokotolewa kutokana na thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu jengo lililo juu yake. Maana yake ni kwamba nyumba ya mbao yenye vyumba viwili na ghorofa ya orofa sita zilizo kwenye ploti za ukubwa na thamani sawa, katika mtaa mmoja, huweza kupata bili inayolingana. Mwenye ghorofa ana kodi za wapangaji. Mzee wa nyumba ya mbao ana kivuli cha mwembe.

Ploti iliyonunuliwa kwa bei ndogo miaka ya themanini, wakati mji ulikuwa bado mbali, leo imezungukwa na lami na maduka. Thamani yake imepanda bila mwenyewe kufanya lolote, na thamani hiyo haimpi chakula mpaka auze. Asiyetaka kuuza nyumba yake ya uzeeni hubaki tajiri kwenye daftari la tathmini, huku mfuko wake ukiwa mtupu.

Hesabu ndogo inaweza kuonyesha uzito wa jambo hili. Nairobi ilipoacha daftari lake la tathmini la mwaka 1980, iliweka kiwango cha asilimia 0.115 ya thamani ya ardhi. Tuseme ploti ina thamani ya shilingi milioni 6. Kwa kiwango hicho, ada ya mwaka ni shilingi 6,900. Kwa mwenye mshahara mzuri si pesa nyingi. Kwa mzee ambaye tegemeo lake ni shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka, ada hiyo ni zaidi ya robo ya pesa zake zote.

Sasa tuseme hakulipa kwa miaka mitano, na kaunti inatoza riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa deni la kila mwaka, bila riba kuzaa riba nyingine. Ada yenyewe itakuwa shilingi 34,500, riba itafika 12,420, na jumla yake ni 46,920. Mahali ambapo riba ni zaidi ya asilimia 1, deni hukua kwa kasi zaidi.

Aina nne za nafuu

Neno "msamaha" hutumika kwa mambo manne tofauti, na ni muhimu kuyatenganisha.

La kwanza ni msamaha wa riba na adhabu. Huu ndio hutangazwa mara nyingi na kaunti nchini, kwa kawaida kwa muda maalumu. Mwenye deni hulipa ada yote anayodaiwa, naye huondolewa riba. Katika mfano wetu, mzee angesamehewa 12,420, lakini angehitaji kutafuta 34,500 kabla ya tarehe ya mwisho. Nafuu hii humfaa zaidi aliye na pesa mkononi. Asiye nazo huiona ikipita.

La pili ni punguzo la ada yenyewe. Kama sheria ya kaunti ingetoa punguzo la nusu kwa wazee, bili ya 6,900 ingekuwa 3,450 kila mwaka. Kwa mtu wa kipato kidogo, punguzo la kila mwaka husaidia kuliko msamaha wa riba unaokuja mara moja baada ya miaka kadhaa.

La tatu ni kuondolewa ada kabisa. Sheria ya zamani ya tathmini, Sura ya 266, iliondolea ada ardhi ya ibada, makaburi, hospitali, taasisi za elimu, mashirika ya hisani na nyinginezo. Ikumbukwe kwamba orodha hiyo iliangalia matumizi ya ardhi. Umri au afya ya mwenye ardhi haikuwemo.

La nne ni kuahirisha malipo. Ada huendelea kuhesabiwa, lakini mwenye nyumba hasumbuliwi akiwa hai na anaishi humo. Deni hulipwa nyumba inapouzwa au kurithiwa. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lina mpango wa aina hii kwa wenye nyumba waliofikisha miaka 55 na kwa watu wenye ulemavu. Ni mkopo wenye riba, na nyumba ndiyo dhamana. Mzee hulala kwake kwa amani, lakini warithi wanapaswa kujua mapema kwamba deni lipo.

Mbali na hayo manne, kuna mapatano ya kulipa kwa awamu. Huo si msamaha, kwani hakuna shilingi inayoondolewa. Hata hivyo mapatano yaliyoandikwa humsaidia mwenye deni kupanga malipo yake, naye huwa na karatasi ya kuonyesha kwamba hajapuuza bili.

Nani ana mamlaka ya kusamehe

Wakazi wengi huamini kwamba gavana akitamka katika mkutano wa hadhara, ada imesamehewa. Katiba haisemi hivyo. Kifungu cha 210 kinaeleza kwamba hakuna kodi au ada ya leseni inayoweza kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kinaendelea kusema kwamba kila msamaha wa kodi lazima uwekwe katika kumbukumbu ya umma pamoja na sababu yake, kisha uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, katika sehemu ya 159, inampa waziri wa fedha wa kaunti uwezo wa kusamehe kodi au ada ya kaunti, lakini kwa kufuata vigezo vilivyowekwa na kwa idhini ya sheria. Sehemu hiyo pia inakataza afisa wa serikali kusamehewa kwa sababu tu ya cheo chake.

Masharti haya yanaweza kuonekana kama urasimu, lakini yanamlinda mnyonge. Bila kumbukumbu na vigezo, msamaha ungewaendea wanaojuana na wakubwa, huku bibi aliye mtaani akiendelea kudaiwa. Kwa hiyo anayeuliza "Msamaha huu umeandikwa katika sheria gani?" hajakosa adabu. Ameuliza swali ambalo Katiba inataka lijibiwe.

Mwezi Desemba 2024, Sheria ya Kitaifa ya Utozaji Ada za Mali ilitiwa saini na kuchukua nafasi ya sheria mbili kongwe, Sura ya 266 na Sura ya 267. Pamoja na hayo, viwango na nafuu za kila kaunti bado hutegemea sheria zilizopitishwa na bunge la kaunti husika, hasa Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Hapo ndipo pa kutafuta neno "wazee" na maneno "watu wenye ulemavu".

Umri nao haufanani kila mahali. Katiba humtambua mzee kuwa mtu aliyezidi miaka 60. Mpango wa Inua Jamii huwahudumia wazee kuanzia miaka 70. Kwa hiyo mtu wa miaka 65 anaweza kuwa mzee kikatiba na bado asiwe kwenye orodha ya Inua Jamii. Msomaji wa tangazo lolote la nafuu aangalie kwanza umri uliowekwa, kisha tarehe ya mwisho.

Jina lililo kwenye hatimiliki

Hapa ndipo maombi mengi yanaweza kukwama hata pale sheria inapotoa nafuu. Nafuu ya mzee hupewa mwenye mali. Ikiwa ploti bado ina jina la marehemu mume, baba au babu, afisi ya mapato haina njia ya kumtambua mjane au mwana mwenye ulemavu kuwa ndiye mwenyewe, hata kama ameishi hapo miaka 40.

Suluhisho ni mirathi. Familia huanza kwa kupata barua kutoka kwa chifu na cheti cha kifo, kisha huwasilisha ombi mahakamani ili msimamizi wa mali ya marehemu ateuliwe. Mahakama ikithibitisha mgao, ardhi huhamishwa kwa jina la mrithi.

Lakini deni huweza kufunga mlango huo pia. Uthibitisho wa kaunti kwamba ada zote zimelipwa huweza kuhitajika kabla ya uhamisho wa ardhi kukamilika. Familia inayongoja mpaka mzee afariki ndipo ishughulikie bili hujikuta na mambo matatu kwa pamoja: mazishi, deni na hatimiliki ambayo uhamisho wake unaweza kukwama. Ndiyo sababu ni busara kulizungumza jambo hili mezani wakati mzee yupo na anakumbuka karatasi ziko wapi.

Hatua za kufuata

1. Apate taarifa ya deni kutoka afisi ya mapato ya kaunti ndogo, ikiwa na nambari ya ploti, ada ya kila mwaka na riba, kila kimoja peke yake. Malipo ya zamani yasiyoonekana yaonyeshwe kwa risiti, hata kama zilitolewa na baraza la mji au manispaa ya zamani kabla ya ugatuzi kuanza mwaka 2013.

2. Alinganishe majina. Jina kwenye kitambulisho, hatimiliki na bili lifanane. Tofauti ya herufi moja irekebishwe mapema.

3. Mtu mwenye ulemavu ahakikishe amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili hutanguliwa na ukaguzi wa daktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa.

4. Aandike ombi fupi akieleza umri au ulemavu wake, kwamba anaishi katika nyumba hiyo, kipato chake, na nafuu anayoomba. Aambatishe nakala za kitambulisho, hatimiliki, bili, kadi ya ulemavu kama anayo, na barua ya chifu au msimamizi wa wadi inayothibitisha makao yake.

5. Apeleke nakala mbili. Moja ibaki afisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, iandikwe tarehe, na airudishe nyumbani. Ombi la mdomo halina ushahidi.

6. Alipe anachoweza huku akingoja jibu, na atunze risiti. Ombi likiwa bado linashughulikiwa, bili haisimami yenyewe.

7. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba humpa haki hiyo mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa afisi ya umma. Aidha, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, afisi ya umma hutakiwa kujibu ombi la habari ndani ya siku 21.

Asiyeweza kutembea, kuona au kusikia vizuri anaweza kumtuma mtu wa familia kwa barua aliyoitia saini au dole gumba. Tahadhari moja ni ya lazima: hatimiliki halisi isiachwe mikononi mwa wakala au jirani anayedai atasaidia "kufuatilia msamaha". Nakala inatosha kuambatishwa. Kama afisa anahitaji kuona hati halisi, aione mbele ya mwenyewe na kuirudisha papo hapo. Malipo nayo yafanywe kupitia njia rasmi za kaunti pekee, kamwe yasitumwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.

Ikiwa sheria ya kaunti haina kifungu cha wazee

Waziri wa fedha hawezi kutoa nafuu ambayo sheria haijaidhinisha. Mahali pa kuiomba ni katika vikao vya maoni ya umma. Bajeti ya kaunti hupitishwa kufikia mwisho wa Juni, na Mswada wa Fedha wa kaunti hufuata ndani ya siku 90. Kwa hiyo miezi ya katikati ya mwaka ndiyo wakati wa kuzungumza na mwakilishi wadi, kuhudhuria kikao, au kupeleka maoni kwa maandishi kwa karani wa bunge la kaunti.

Mifano ya kuigwa ipo karibu. Nchini Tanzania, ambako tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, sheria huruhusu mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na kipato, na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, kuomba kusamehewa kodi kwa nyumba moja anayoishi. Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 2004, huruhusu manispaa kuwapa wastaafu na maskini punguzo, na tena haitozi ada kwa randi 15,000 za kwanza za thamani ya nyumba ya kuishi.

Masharti ya Tanzania yana funzo kwa anayetaka kutoa maoni. Nafuu ni ya nyumba moja, ambayo mwenyewe anaishi, na kwa asiye na kipato. Masharti kama hayo huzuia tajiri wa miaka 70 mwenye majengo kumi ya kupangisha kujificha nyuma ya mvi zake. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na kila shilingi anayosamehewa mmoja ni shilingi inayokosekana kwenye dawa au barabara ya mwingine. Pendekezo linaloonyesha nani hasa atafaidika, na kwa kiasi gani, lina nafasi nzuri zaidi ya kusikizwa kuliko kilio cha jumla kwamba wazee wasamehewe wote.

Maswali ya kujipima

*Je, msamaha wa riba huondoa ada?* La. Ada yote hubaki, na ni lazima ilipwe ndani ya muda uliotangazwa.

*Je, kadi ya ulemavu au cheti cha KRA hufuta bili ya ploti?* La. Husaidia kuthibitisha hali ya mwombaji pale sheria ya kaunti inapotoa nafuu.

*Je, mwenye nyumba anaweza kupinga thamani iliyowekwa kwa ploti yake?* Ndiyo. Daftari jipya la tathmini linapotangazwa, huwekwa wazi kwa umma na pingamizi hupokelewa kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo.

*Je, deni huisha mwenye ploti akifariki?* La. Hubaki na ardhi, na huweza kukwamisha uhamisho kwa warithi.

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Kwa asiye na cha kulipia, dawa ya kwanza ni kwenda kusema mapema, kwa maandishi. Mama wa mfano wetu anaweza kuondoka kaunta na mambo matatu mkononi: taarifa ya deni inayotenganisha ada na riba, mapatano ya kulipa kidogo kidogo, na orodha ya karatasi za kupeleka mahakamani kwa ajili ya mirathi ya mumewe. Deni lake halijafutwa, lakini sasa anajua kiasi chake, na siku nafuu ya wazee itakapopitishwa, jina lake litakuwa mahali panapofaa.